Sura ya 6: Lushoto Haina Uwanja wa Ndege, Tutafikaje?

Kila Pasaka na Desemba zinapokaribia, swali hili hurudi: Lushoto ndege haifiki, sasa watu wanafikaje? Anauliza mfanyakazi wa Mwanza aliyesikia sifa za baridi ya Usambara. Anauliza mama anayeishi Muscat, anayetaka wanawe waione milima kabla shule hazijafunguliwa. Anauliza kijana wa Nairobi aliyeona picha za mwamba wa Irente. Karibu wote huanza pale pale: wanafungua simu na kutafuta uwanja wa ndege ulio karibu zaidi. Wakishaupata, wanakata tiketi, na safari inaanza kuharibika kabla hawajafunga begi.

Ushauri wangu ni kuacha kuutafuta uwanja wa ndege na kuitafuta Mombo. Mombo ni mji mdogo ulio chini ya mlima, katika barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Hapo ndipo barabara ya lami ya Lushoto inapochepuka na kuanza kupanda, kilomita 33 hivi hadi mjini. Utoke Dar, Tanga, Arusha au ng'ambo, kwa basi au kwa gari lako, Mombo utapita. Kwa hiyo swali la maana kwa msafiri ni hili: nitafika Mombo saa ngapi? Ukifika kabla ya saa tisa alasiri, safari yako ni nyepesi. Ukifika usiku, umejitafutia shida.

Kwa nini ndege haitui

Watu wengi hudhani ni uzembe wa serikali. Mlima wenyewe una sababu zake.

Ndege ndogo ya abiria 12 au 13, zile zinazopeleka watalii mbugani, inahitaji karibu kilomita nzima ya ardhi tambarare na iliyonyooka. Mji wa Lushoto umekaa bondeni, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele vinavyouzunguka vingine hupita mita 2,000. Ardhi tambarare ni chache, na hiyo iliyopo ndiyo inayolimwa kabichi, karoti, viazi na nyanya zinazoliwa Dar es Salaam. Kuifukia kwa lami ili watu wachache washuke na mabegi yao kungekuwa hasara kwa maelfu ya wakulima, na mimi siombi hilo litokee.

Jambo la pili ni hewa. Ndege huinuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake, kama mwogeleaji anavyobebwa na maji. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na ndege inalazimika kukimbia mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kuruka. Uwanja unaotosha pwani hautoshi milimani. Ongeza ukungu wa asubuhi na mawingu yanayoshuka ghafla kufunika mabonde, utaelewa kwa nini rubani angependa kukaa mbali.

Mombo, lango la tangu 1905

Swali la namna ya kufika Lushoto lina zaidi ya miaka mia moja. Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliupenda mji huu kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, na maofisa waliochoshwa na joto na malaria ya pwani wakawa wanakuja kupumzika. Lakini kutoka Tanga hadi hapa zilikuwa siku kadhaa za kutembea, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1905 ikafika Mombo. Mwaka 1911 ilikuwa imeshafika Moshi. Haikupanda Lushoto, kwa kuwa mteremko ulikuwa mkali mno. Ilichofanya ni kumfikisha abiria chini ya mlima, kisha barabara ya milimani ikampandisha. Kwa asiyepata basi la moja kwa moja, mpango huo haujabadilika hadi leo: chombo kikubwa hadi Mombo, chombo kidogo kwenda juu.

Wasambaa wenyewe, wenye milima hii, walikuwa wakipanda na kushuka kwa miguu vizazi na vizazi kabla ya reli. Vugha, makao ya wafalme wao wa ukoo wa Kilindi, ilijengwa juu mlimani, si mbali na Soni ya leo. Adui hakufika huko kwa urahisi. Ugumu wa njia ulikuwa ngao ya ufalme ule.

Uwanja wa karibu unaweza kukuchelewesha

Hapa wengi hawaniamini mpaka tupige hesabu pamoja.

Tuanze na kipimo kimoja: muda wa mlango hadi mlango. Maana yake ni saa zote kuanzia unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapofungua mlango wa chumba ulichokodi. Tiketi ya ndege hukuonesha saa za angani tu. Haikuoneshi foleni ya kwenda uwanjani, kusubiri ukaguzi, kungoja mizigo, wala safari ya barabarani baada ya kutua.

Chukua mtu wa Dar anayeamua kuruka hadi Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ule wa KIA uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi. Angani anakaa kama saa moja. Lakini kutoka KIA hadi Lushoto ni karibu kilomita 300, kupitia Moshi, Mwanga, Same na Mombo. Kutoka Dar hadi Lushoto kwa barabara ni kilomita 350 na ushee. Kwa nauli yote ile ya ndege, amejiokolea kilomita 50 tu hivi za barabara. Aliyepanda basi la saa kumi na mbili asubuhi pale Mbezi anaweza kuwa ameshakula chakula cha mchana Lushoto wakati mwenye ndege bado anahesabu vituo njiani.

Kwa anayetoka Mwanza hesabu ni nyingine. Njia yake ya barabara ni ndefu kiasi cha kumla siku nzima kabla hata hajaiona Moshi, kwa hiyo ndege hadi KIA au hadi Dar inamfaa sana. Anayekuja kutoka Muscat, Doha au Ulaya atatua Dar au KIA, kwa kufuata tiketi iliyo nafuu na ndugu anaotaka kuwaona njiani. Asijisumbue kutafuta ndege ya tatu.

Tanga ndiyo iliyo karibu zaidi, chini ya kilomita 200 kwa barabara, kupitia Muheza, Segera na Korogwe. Uwanja wake hupokea ndege ndogo, na anayetoka Unguja au Pemba anaweza kunufaika nao, maana anaruka bahari na foleni za Dar kwa mkupuo mmoja. Aangalie tu ndege inatua saa ngapi. Ikitua jioni, alale Tanga, ale samaki, aende kesho yake.

Kwa kifupi: ndege inafaa kama inakuvusha bahari au inakuokolea safari ya siku nzima. Kutoka Dar, Arusha au Moshi, basi linaishinda.

Kwenda kwa basi

Kuna mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja kutoka Dar, Arusha na Tanga. Kwa mgeni, hilo ndilo chaguo la kwanza: unakaa kwenye kiti kimoja hadi stendi ya Lushoto, bila kuhamisha mizigo. Dar, mabasi ya mikoani huanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kata tiketi siku moja au mbili kabla, na wiki ya Pasaka au Krismasi wahi zaidi ya hapo. Kata ofisini kwa kampuni au kwa mtandao, si kwa mpiga debe anayekuvuta begi getini. Nauli elekezi hutangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, hivyo huna sababu ya kubahatisha.

Ukikosa basi la moja kwa moja, panda lolote la Moshi au Arusha ushuke Mombo. Hapa yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni nauli: ulizia mapema kama unalipa ya Mombo au unatozwa ya Moshi nzima. La pili ni kondakta. Mwambie unapopanda, na mkumbushe mkifika Korogwe: "Kaka, mimi nashuka Mombo." Basi la masafa marefu husimama Mombo kwa haraka, na begi lililozikwa chini ya mizigo ya watu wa Arusha huchukua muda kupatikana. Liweke karibu na mlango wa buti.

Njiani utapita Chalinze au Msata, Mkata, Kabuku, Segera na Korogwe. Basi litasimama mahali watu wale na wachimbe dawa. Kuanzia Segera utaona mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893, likaifanya Tanga kuwa mkoa tajiri kwa miongo mingi. Mistari yake imenyooka hadi kwenye miguu ya milima, na ukiketi upande wa kulia, baada ya Korogwe utaiona Usambara imesimama pembeni yako.

Neno kuhusu mabasi ya usiku. Tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena nchini baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi, na watu wanayapenda kwa kuwa hayawapotezei siku. Kwa safari ya Lushoto siyashauri. Linaloondoka Dar jioni litakushusha Mombo usiku wa manane, saa ambayo huna gari la kupanda nalo mlimani.

Treni, na wanaotoka Kenya

Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019, kisha Arusha mwaka 2020, baada ya reli hiyo kukaa kimya miaka mingi. Ni safari nzuri kwa mtu asiye na haraka, na watoto huifurahia mno. Ila kwa kawaida huondoka Dar alasiri na kuingia Moshi asubuhi, kwa hiyo eneo la Korogwe na Mombo hupitwa usiku. Ukiipenda, shuka Korogwe ulale hapo, au nenda nayo hadi Moshi, utembee, kisha urudi kwa basi mchana. Siku za treni hubadilika, zithibitishe stesheni kabla ya kupanga lolote.

Anayetoka Mombasa apite Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, alale hapo ikibidi. Anayetoka Nairobi ana njia ya Namanga na Arusha, au apande treni ya SGR iliyoanza mwaka 2017, ashuke Voi, kisha apite Taveta na Holili hadi Moshi. Pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwe mfukoni, visizame chini ya begi.

Kilomita 33 za mwisho

Safari yenyewe huanza Mombo. Kwenye njia panda utakuta kosta, haisi na gari dogo aina ya Noah zikiita Soni na Lushoto. Zinaondoka zikijaa, na kujaa huku ni kujaa kweli. Kama una mtoto mdogo au mzazi mwenye umri mkubwa, lipia viti viwili au kodi gari zima mkiwa wanne. Bodaboda watakuita pia. Kwa mlima huu, wenye kona na malori, nakusihi uwakatalie kwa adabu, hasa ukiwa na mzigo.

Barabara inapanda mita 1,000 hivi ndani ya hizo kilomita 33. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni korongo lenye mto. Baada ya dakika chache masikio yataziba, kwa sababu hewa ya nje imepungua uzito kuliko iliyo ndani ya sikio. Meza mate au piga miayo, yatazibuka. Halijoto hushuka kama digrii sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Uliyeshuka Mombo shati limekulowa jasho, ukifika Lushoto mwezi wa Juni au Julai utatafuta sweta. Liweke juu ya begi, si chini.

Kichefuchefu kinawasumbua wengi kwenye kona hizi. Sikio lako linaiambia akili kwamba mwili unayumba, wakati macho yaliyo kwenye simu yanasema umetulia. Akili inachanganyikiwa na tumbo linalipia. Dawa yake ni kuweka simu, kukaa mbele, kutazama mbali na kufungua dirisha kidogo. Ukila Mombo, kula kidogo.

Katikati ya safari ni Soni, mji wa njia panda ya kwenda Bumbuli, wenye maporomoko ya maji yanayoonekana ukiwa barabarani. Kuanzia hapo mabonde yanafunguka, mashamba ya ngazi yanapanda hadi juu, na akina mama wanauza plamu, mapea na karoti zilizofungwa kwa mafungu. Nunua. Bei ya hapa na bei ya Dar ni vitu viwili.

Ukiwa na gari lako

Dereva mzuri wa tambarare anaweza kuwa dereva mbaya wa mlima. Haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza:

– Ukitoka kaskazini mwa Dar, Tegeta au Bunju, pita Bagamoyo hadi Msata. Utaikwepa Kibaha na foleni zake, na utatokea mbele ya Chalinze.
– Jaza mafuta na kagua breki kabla ya Mombo.
– Kwenye kona isiyoonekana mbele, piga honi na ubaki kushoto kwako, hata kama huoni gari.
– Anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa gari lililosimama mlimani hupata tabu kuondoka.
– Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu linaua watu. Dereva anayeshuka huku amekanyaga breki mfululizo anazipasha moto. Zikishika moto sana hupoteza nguvu, na mguu unazama hadi chini bila gari kupungua mwendo. Gia ndogo huifanya injini yenyewe ilizuie gari, nawe unatumia breki kwa kugusagusa tu. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, simama mahali pana, usubiri zipoe.

Ukielekea jioni utapishana na kanta na Fuso zilizopakia mboga zikiteremka kuwahi masoko. Madereva wake wanaijua kila kona, wewe huijui. Wapishe. Na wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua hushusha udongo na mawe barabarani, na njia inaweza kufungwa kwa saa kadhaa au zaidi. Mpigie mwenyeji wako simu asubuhi ya safari kabla hujawasha gari.

Ukishafika, Irente unaweza kwenda kwa miguu, ni kilomita chache kutoka mjini. Ukisimama ukingoni utaona tambarare ya Mazinde karibu mita 1,000 chini yako. Mtae na Mambo, zilizo mwisho wa milima upande wa kaskazini, ni jambo jingine: njia ni ndefu na ya udongo. Usizipange kwa siku ile ile uliyotoka Dar. Lala Lushoto kwanza.

Siku ya kurudi

Wengi hupanga kwenda vizuri, wakasahau kurudi. Mabasi ya Dar na Arusha huondoka Lushoto alfajiri na asubuhi, na ya siku za sikukuu hujaa mapema, kwa hiyo tiketi ya kurudi inunuliwe siku ile ile unayofika, kabla hujaanza kutembea. Aliye na ndege ya jioni KIA au Dar asithubutu kushuka mlima siku hiyo hiyo. Tairi moja likipasuka Same, au kifusi kikianguka juu ya Mombo, ndege haitamngoja. Ashuke siku moja kabla, alale Moshi au Dar.